Kabla Hatujachangia Spika ya Mozart
(Maneno niliyowaambia wazazi wa darasa la awali, Manispaa ya Tabora. Nimeyaandika upya kwa ajili ya waliokosa mkutano.)

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzangu. Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Wengine wote, mwangaluka.

Nimeitwa kwa jambo moja. Mbele yenu kuna pendekezo kwamba kila mzazi wa darasa la awali achange, inunuliwe spika kubwa pamoja na flashi yenye muziki wa klasiki wa Ulaya, na watoto wasikilizishwe kila asubuhi kabla ya vipindi ili akili ziongezeke. Mwenyekiti akaniambia, "Mwalimu, wewe maisha yako yote ni kinanda na kwaya, njoo ututhibitishie." Nahisi alitaka baraka. Mimi nimekuja na maelezo, na kura mtapiga ninyi.

Niseme mapema, asije mtu akadhani nina ugomvi na muziki huo. Mozart, mtunzi wa Ulaya wa karne ya 18, nampenda. Ana wimbo mmoja wa kwaya, Ave Verum Corpus, aliuandika Juni 1791, miezi michache kabla ya kufariki. Ni mfupi, una mizani (vipande vya mapigo) 46 tu, lakini mwanakwaya akiimba besi yake vizuri hasahau. Na kwaya zetu hapa mjini, za wakatoliki kwa waprotestanti, zimejifunza Haleluya ya Handel kwa sol-fa, do re mi, bila hata mmoja kwenda Ulaya. Kwa hiyo swali letu leo halihusu kama muziki huo ni mzuri. Ni mzuri. Swali ni kama unaongeza akili, na kama ni halali kumtoa mama muuza mchicha pesa yake kwa sababu hiyo.

Habari hii ilianzia wapi? Wengi mtashangaa: haikuanzia kwa watoto kabisa. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Irvine, Marekani, watafiti watatu, Frances Rauscher, Gordon Shaw na Katherine Ky, walichukua wanafunzi 36 wa chuo. Watu wazima wenye ndevu. Wakawasikilizisha kwa dakika 10 sonata, yaani muziki wa vyombo bila kuimba, ya Mozart ya piano mbili, ile inayoitwa K. 448. Wakati mwingine wanafunzi haohao walisikiliza maelekezo ya kutuliza mwili, na wakati mwingine walikaa kimya. Baada ya kila kipindi walipewa maswali ya kufikiria maumbo. Mojawapo ni la karatasi: inakunjwa, inakatwa kwa mkasi, unaulizwa ikikunjuliwa itaonekanaje. Fundi cherehani yeyote pale sokoni anayekata kitambaa kilichokunjwa mara nne anafanya mtihani huo kila siku.

Waliotoka kumsikiliza Mozart walifanya vizuri zaidi. Ukigeuza matokeo yao kuwa alama za kipimo cha akili, tofauti ilikuwa kama alama 8 hadi 9. Hapo ndipo magazeti yaliposhika kalamu. Lakini taarifa yenyewe ilichapishwa kwenye jarida la kisayansi la Nature ikiwa ukurasa mmoja tu, na ndani ya ukurasa huo watafiti waliandika kwamba faida hiyo haikudumu zaidi ya dakika 10 hadi 15. Yaani muda wa kutoka hapa shuleni hadi stendi, imekwisha. Hawakupima watoto. Hawakupima akili yote, walipima aina moja ya maswali. Hawakusema mtu anakuwa na akili zaidi.

Hayo yote yalipotea njiani. Kufikia mwaka 1998, gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe kanda au diski ya muziki wa klasiki. Mwaka huohuo jimbo la Florida likapitisha sheria kwamba vituo vya kulelea watoto vinavyopata fedha za serikali vipige muziki huo kila siku. Wafanyabiashara hawakulala. Zikatoka kaseti za watoto wachanga, za wajawazito, mpaka za wanaotaka kupona magonjwa. Wanafunzi 36 wa chuo waligeuka kuwa kichanga chako kitandani, na dakika 15 zikawa maisha yote. Leo habari hiyo imefika Tabora kwa njia ya WhatsApp, na kijana wa kuingiza nyimbo kwenye memori kadi anakuuliza: "Mama, nikuwekee na zile za akili?"

Simlaumu kijana. Anauza kinachoulizwa.

Sasa wanasayansi wana desturi moja nzuri sana ambayo sisi kwenye magrupu hatuna: mtu akidai jambo, wengine wanalirudia waone kama litatokea tena. Mwaka 1999 Christopher Chabris alikusanya majaribio yaliyokuwa yamefanyika hadi wakati huo, akakuta tofauti ni ndogo mno, pengine haipo. Mwaka huohuo Kenneth Steele na wenzake walilirudia jaribio lenyewe kwa uangalifu, wakatoka mikono mitupu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, mji aliofia Mozart mwenyewe, walijumlisha tafiti karibu 40 zenye washiriki zaidi ya 3,000. Walichoona ni kwamba ukimlinganisha aliyesikiliza Mozart na aliyekaa kimya kuna tofauti ndogo, lakini ukimlinganisha na aliyesikiliza muziki mwingine wowote, Mozart hana cha ziada. Kama kuna watu duniani wangependa jibu liwe tofauti, ni wa Vienna.

Hapa ndipo panaponoga. Kwa nini basi hata hiyo tofauti ndogo ionekane? Kuna mtafiti anaitwa Glenn Schellenberg, wakati huo akiwa Kanada, naye alikuwa mwanamuziki kabla hajawa mwanasaikolojia. Yeye na wenzake waliliendea jambo hili kwa werevu. Kwanza walichukua watu, wakampa kila mmoja, kwa nyakati tofauti, Mozart na hadithi ya kusisimua ya Stephen King. Aliyependa hadithi kuliko muziki alifanya vizuri baada ya hadithi. Aliyependa Mozart alifanya vizuri baada ya Mozart. Kisha, mwaka 2001, wakalinganisha sonata ileile ya Mozart, iliyochangamka, na wimbo wa polepole wa huzuni unaojulikana kwa jina la Albinoni. Wote ni muziki wa klasiki, wote ni wa Ulaya. Waliosikiliza wa huzuni hawakupata faida yoyote. Walipopima hali ya moyo na uchangamfu wa kila mtu, tofauti ya alama ikawa imekwisha kuelezeka: mtu aliyechangamka hufanya mtihani mfupi vizuri kidogo kuliko mtu aliyekaa dakika 10 kwenye kiti bila kufanya lolote. Basi.

Na la watoto? Uingereza walilijaribu kwa watoto zaidi ya 8,000 wa miaka 10 na 11. Wengine walisikiliza Mozart, wengine mazungumzo ya kisayansi, wengine nyimbo za vijana zilizokuwa zinavuma redioni wakati huo, ikiwemo ya bendi ya Blur. Waliosikiliza nyimbo za vijana ndio waliofanya vizuri kwenye maswali ya maumbo. Sababu si kwamba Blur wana akili kuliko Mozart. Ni kwamba zilikuwa nyimbo za watoto hao, wanazijua, zikawachangamsha.

Ukiyaelewa hayo, wazee mliokaa mbele mtacheka. Maana kama kazi yote ni kuchangamsha, mji huu haujawahi kukosa dawa. Tulikuwa na Kiko Kids, tulikuwa na Tabora Jazz na segere yao. Tuna ngoma ya hiari ya moyo, ambayo ikilia hata mwenye goti bovu anainuka. Mwalimu wa awali akiwasimamisha watoto, wakapiga makofi na kuimba dakika 5, ameshawapa kila kitu ambacho spika ile ingewapa, na hakuna aliyechangia senti.

Kuna mama aliniuliza kabla ya mkutano kuhusu ujauzito, kama ni kweli uweke simu tumboni. Mtoto tumboni anasikia, hilo ni kweli, hasa miezi mitatu ya mwisho. Na mwaka 1980 ilionyeshwa kwamba kichanga cha siku chache tu kinatambua sauti ya mama yake na kuipendelea kuliko ya mwanamke mwingine. Lakini hakuna ushahidi kwamba simu tumboni inamwongezea akili. Sauti anayoisubiri ni yako, mama. Zungumza, imba, mgombeze baba yake ukitaka, mtoto anajifunza wewe.

Mtasikia pia habari za panya. Rauscher aliwahi kupigia panya sonata ileile, tangu wakiwa tumboni mwa mama zao na baada ya kuzaliwa, akasema walipita njia za kupotezana haraka kuliko wenzao. Steele akakumbusha jambo ambalo mfugaji yeyote wa panya analijua: panya huzaliwa kiziwi, na hata akikua sehemu kubwa ya sauti za piano ni nzito mno kwa sikio lake. Walikuwa wanasikiliza nini? Sijui kama Mozart angecheka au angelia.

Kwa watu wazima nitapita haraka. Kijana wa kidato cha sita anayejiandaa na mtihani wa taifa akiniambia anasoma na nyimbo masikioni, namuuliza kitu kimoja: zina maneno? Nyimbo zenye maneno zinagombania akili ileile inayosoma, na anayesoma ndiye anayeumia. Kama zinamfurahisha, azisikilize kabla ya kusoma au akipumzika. Na ninyi mnaosikiliza ili mtulie baada ya kazi, endeleeni, kutulia ni faida tosha.

Sasa nifike kwenye swali gumu, ambalo mimi kama mwalimu wa muziki ningetamani kulijibu ndiyo. Kusikiliza tumekuona. Je, kujifunza kupiga au kuimba? Mwaka 2004 Schellenberg yuleyule alichukua watoto 144 wa miaka sita, akawagawa kwa bahati nasibu: wengine kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine hakuna. Baada ya mwaka mmoja wote walipanda kwenye kipimo cha akili, kwa sababu walikuwa wameanza shule. Wa muziki walipanda kama alama 7, wengine kama alama 4. Tofauti ipo, lakini ni ndogo. Wa maigizo ndio waliopata kitu kingine ambacho hakuna aliyekitarajia sana: tabia yao kwa wenzao iliboreka. Halafu mwaka 2013 watafiti wa Harvard walijaribu kwa watoto wadogo wa umri wa chekechea, wa kwetu hawa, na hawakupata kitu cha kushikika. Na mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walijumlisha tafiti 54 zenye watoto karibu 7,000. Kadiri utafiti ulivyofanywa vizuri zaidi, ndivyo faida ilivyokaribia sifuri.

Iliniuma kidogo kuisoma. Lakini ningewadanganya kama ningesema kwaya inafundisha hesabu. Tunawaona watoto wa kinanda wanafaulu, tunasahau kuuliza ni nani anayenunua kinanda. Ni nyumba yenye vitabu, yenye umeme, yenye mzazi anayefuatilia madaftari.

Mtazameni Mozart mwenyewe. Alizaliwa Salzburg mwaka 1756. Utotoni hakuna mtu aliyempigia muziki wa Mozart, ulikuwa haujatungwa. Alichokuwa nacho ni baba, Leopold, mpiga fidla na mwalimu, ambaye mwaka uleule aliozaliwa mtoto alichapisha kitabu cha kufundishia fidla. Na alikuwa na dada, Nannerl, aliyejifunza kabla yake, naye mdogo akachungulia. Alizaliwa na kipaji, sawa. Lakini aliketishwa, akafundishwa, kila siku, na mtu aliyejua kufundisha. Spika haiketi na mtoto.

Kama lengo letu ni akili, nawaomba tuzungumze mambo yenye ushahidi mzito, hata kama hayana mvuto kwenye WhatsApp.

La kwanza ni chumvi. Msicheke. Mama mjamzito akikosa kwa kiwango kikubwa madini joto, yale yanayowekwa kwenye chumvi, ubongo wa mtoto unaumia kabla hajazaliwa, na haurudishiki. Shirika la Afya Duniani linauhesabu upungufu huo kuwa sababu kubwa ya madhara ya ubongo yanayoweza kuzuilika. Tafiti zilipojumlishwa, jamii zenye upungufu mkubwa zilipungukiwa kwa wastani na zaidi ya alama 10 za kipimo cha akili. Alama 10 za maisha yote, linganisha na zile 8 za dakika 15.

Ningependa kuwapa na mfano wa hapa nchini. Kulikuwa na mpango wa kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kuanzia miaka ya 1980, na mwaka 2009 watafiti waliandika kwamba watoto ambao mama zao walivipata walisoma muda mrefu zaidi, kama theluthi hadi nusu ya mwaka, wasichana zaidi. Mfano mtamu. Lakini mwaka 2020 wengine waliurudia uchambuzi huo na hawakuyapata matokeo yaleyale. Kipimo nilichomtumia Mozart lazima nikitumie na kwa chumvi, kwa hiyo mfano huo nauweka pembeni. Madhara ya upungufu mkubwa kwa ubongo wa mtoto tumboni yanabaki palepale.

Sisi tuko jirani na Uvinza, ambako watu wamepika chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja na misafara ya zamani ya Unyamwezi ilipita kuibeba. Chumvi ya kokote ni nzuri ikiwa imewekwa madini joto. Ile ya kupimwa kwa kopo, isiyo na pakiti wala maandishi, huwezi kujua. Nunua yenye pakiti iliyoandikwa, iweke kwenye chombo chenye mfuniko, usiiache juani wala karibu na moto, kwa sababu madini hayo hupotea.

La pili ni kuwa darasani. Mwaka 2018 watafiti wawili, Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob, walijumlisha takwimu za watu zaidi ya 600,000 na kukuta kwamba kila mwaka wa ziada shuleni huongeza alama 1 hadi 5 za kipimo cha akili, na faida hiyo inaonekana hata uzeeni. Hiyo ndiyo spika. Mtoto anayebaki nyumbani kwa sababu ya homa iliyocheleweshwa kupelekwa zahanati, au sikio linalotoa usaha na mwalimu anadhani ni mtukutu kumbe hasikii, au kwa sababu msimu wa tumbaku umefika na mikono inahitajika shambani, huyo ndiye anayepoteza akili mliyokuja kuitafuta hapa.

La tatu mnalijua kuliko mimi. Saa nne asubuhi nendeni mkaone darasa la awali siku ambayo uji haukupikwa. Mwalimu wao yupo hapa, atawaambia.

Mwenyekiti, najua nimezidisha muda, lakini nina ombi upande wa muziki, maana sikuja kuufukuza shuleni. Mkoa huu umetoa kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, iliyoanzia kwenye makazi ya wakimbizi na kusikika nchi nzima. Hakuna aliyewaambia waimbe ili wafaulu hesabu. Waliimba, na watu walilia. Mtoto anayejifunza kusikiliza sauti ya mwenzake ili aitoe ya kwake sawasawa amepata kitu, na kitu hicho hakihitaji kuombewa cheti na somo lingine. Tukiuingiza muziki shuleni kama dawa ya akili, siku watakaposoma zile tafiti tulizozitaja wataufuta, na watakuwa na haki.

Kwa hiyo pendekezo langu, na naomba liingie kwenye muhtasari. Mchango wa spika uelekezwe kwenye uji wa muhula huu: unga, karanga na sukari, na chumvi yenye pakiti. Kikibaki kitu, vinunuliwe vitabu vya hadithi vya darasa la awali na ngoma mbili, mafundi wa ngoma tunao, bei yao haifiki robo ya spika ile. Sol-fa nitafundisha mimi Jumatano na Ijumaa, saa mbili hadi saa tatu, bila malipo, kwa miezi yote ya muhula. Mzazi mwenye sauti asiyekuwa na kazi saa hizo aje, nahitaji mtu wa alto.

Na flashi ya Mozart nitaileta mwenyewe, ninayo nyumbani. Tutaipiga watoto wakinywa uji.

Mwenyekiti, nakurudishia kikao.